Magamba Ndani ya Bomba

Maji ya mji wetu yana kiburi. Utaikoroga sabuni mpaka viganja viwake moto, na povu utakalopata ni la kuchekesha. Baadaye hata hilo linageuka utando wa kijivu unaong'ang'ania ukingo wa beseni. Mimi ni dobi. Nimefulia watu nguo katika ua wa nyumba hii tangu nilipoolewa, na sihitaji mtu wa idara ya maji aje kuniambia kwamba maji haya ni magumu. Mikono yangu inajua.

Na tukitoka kwenye sabuni, tunaingia kwenye birika. Kila Jumamosi nalichemshia siki, kisha nakaa kizingitini na kijiko cha zamani nikikwangua magamba meupe ya chokaa, huku nikiyatukana. Nayatukana kweli, kwa sauti, majirani wanasikia. Jumamosi inayofuata yako pale pale, yamenenepa.

Hayo yote nilikuwa nimeyazoea. Uvumilivu uliniishia alipokuja mjukuu. Binti yangu alipomaliza likizo ya uzazi alirudi kazini, mtoto akawa anashinda na mimi mchana kutwa. Maziwa yake ni ya unga, na mimi ndiye niliyekuwa nayakoroga kwa maji ya koki ya jikoni, yaliyochemka kwenye birika hilo hilo. Sasa koki yenyewe ikaanza kutoa maji membamba kama uzi. Mtoto analia njaa, mimi nimesimama na birika nasubiri uzi ulijaze! Nikasema hapana, hii chokaa imenipanda kichwani.

Jirani wa ng'ambo, ambaye sote tunamwita Mama Pacha, alikuwa na tatizo hilo hilo. Fundi wake alimimina asidi ndani ya bomba, chokaa ikayeyuka, na sasa maji yake yanatoka kwa kishindo mpaka yanamrukia kifuani. Mtaa wetu mzima ulikuwa unazibua mabomba kwa namna hiyo. Nikaenda dukani nikanunua dumu la asidi, nikaliweka juu ya kabati mbali na mtoto, nikamwita mkwe wangu.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ni fundi bomba. Bahati iliyoje, utasema. Subiri. Nilikuwa nimempa jina la Bwana Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila jambo. Koki inavuja? Kesho, mama. Sinki limeziba? Nitapita kesho, mama. Mpole, mnyenyekevu, na mzito kama gunia la saruji. Nilimwambia habari ya asidi, akasema kesho. Nikamkumbusha, akasema anataka kwanza kulitazama bomba lenyewe, nyumba ni ya kale, iliachwa na wazazi wa marehemu mume wangu na hakuna anayejua waliweka nini ukutani. Wiki ikapita.

Hatimaye Jumapili asubuhi akaja. Mkononi ana msumeno wa chuma.

"Msumeno wa nini?" nikamuuliza. "Asidi ile pale juu."

"Nataka nikate kipande kidogo, mama. Nione kulivyo ndani."

"Ukakate bomba zima kwa ajili ya kuchungulia? Fundi wa Mama Pacha hakuchungulia, alimimina tu, leo wanaoga kama wafalme. Wewe unaogopa nini?"

"Siogopi, mama. Nataka kuona tu."

Hapo nikampa vidonge vyake. Nikamwambia kuwa mtoto ni wake, analia njaa kwa sababu baba yake ni mwoga wa dumu la dawa. Nilisema na mengine ambayo sitayarudia hapa. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani, ananikonyeza ninyamaze. Mkwe aliinamisha kichwa, akafunga maji, akapiga magoti chini ya sinki, akaanza kukata.

Msumeno uliingia kama unakata mche wa sabuni. Nikaona mabega yake yanasimama. Akatoa kisu, akakwangua bomba kwa nje, na chini ya ile rangi chakavu pakatokea mng'ao wa kijivu.

"Mama," akasema bila kugeuka, "maziwa ya mtoto unayakoroga kwa maji haya?"

"Kwa maji gani mengine?"

Akakaa sakafuni. "Hili si bomba la chuma. Ni risasi."

Sikuelewa. Risasi mimi naijua ya bunduki. Ikabidi aeleze, taratibu, kama kawaida yake, na safari hii sikumharakisha. Alisema ni madini yale yale. Zamani watu waliyatengenezea mabomba kwa sababu yanapindika kirahisi. Yakiingia kwenye maji hayana rangi wala harufu, na mtoto mchanga akiyanywa yanamharibia akili, polepole, bila kelele.

Nilimtazama mjukuu wangu, ambaye alikuwa anatafuna kola ya mama yake na kutabasamu, nikahesabu kichwani chupa zote nilizomnywesha kwa mikono hii, nikashindwa.

Mkwe akaokota kile kipande alichokata, akakielekeza dirishani. Ndani kulikuwa kweupe. Chokaa ilikuwa imejipaka pande zote, nene, ngumu, laini kama kikombe cha kauri, ikabakiza tundu dogo la kupitisha maji. Huo ndio uliokuwa uzi wangu.

"Labda hii chokaa imeizuia risasi isiingie majini," akasema. "Sijui, mama. Lazima tupime."

Siku zile sitaki kuzikumbuka. Binti yangu alimpeleka mtoto kliniki, wakamtoa damu kwenye mkono mdogo kama kijiti. Msichana wa maabara ya idara ya maji alikuja kuchukua maji, hata yale yaliyolala usiku kucha ndani ya bomba. Nikanunua maji ya madumu. Nguo za watu nilizifua bila kujua ninachofua. Niliungua hata kwa pasi. Binti yangu hakunilaumu kwa neno moja, na hilo ndilo lililonitoa machozi, maana nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa.

Majibu ya damu yalitangulia. Mtoto ni mzima, daktari alisema, hana tatizo lolote. Nilimbana kifuani mpaka akapiga kelele. Kisha akaja yule msichana wa maabara, akasimama hapa hapa jikoni, anacheka kwa mshangao.

"Maji yenu ni magumu kuliko yote niliyopima mwaka huu," akasema. "Na risasi karibu hamna kabisa. Hiyo chokaa imelifunika bomba lote. Shukuruni hamkuliosha."

"Tungeliosha kwa asidi je?" nikauliza, ingawa jibu nilikuwa nalijua.

Akaacha kucheka. "Msingeniita, bibi. Maji yangetoka mengi na mazuri, mngefurahi, mngeendelea kumpa mtoto."

Mkwe wangu alikuwa anaangalia viatu vyake, kana kwamba kosa ni lake. Nilitaka kumwambia jambo, maneno yakanikauka. Mimi! Mtaa mzima usingeamini.

Mabomba ya risasi yameng'olewa yote. Mkwe ameweka ya plastiki, na dumu la asidi alilirudisha dukani siku ile ile, bila kuambiwa. Kile kipande alichokata nimekiweka kwenye rafu, kati ya glasi za wageni. Maji sasa yanatoka kwa nguvu, na bado ni magumu vile vile. Jumamosi naendelea kukwangua birika. Tofauti ni kwamba siyatukani tena magamba. Nayakusanya kiganjani, nayatazama, na naona aibu kusema hadharani ninayoyaambia, lakini ni shukrani.

Jana mkwe alikuja kumchukua mtoto. Nikamwekea chai, na juu yake vikaelea vile vipande vyeupe vya birika. Akavipuliza pembeni, akanywa. Nikamwambia ile koki ya uani, ninayofulia, imeanza kudondosha maji.

"Nitaitazama kwanza, mama," akasema, kisha akasita, akanitazama kwa wasiwasi kama mtu anayesubiri kofi. "Nitakuja kesho."

Nikampa mtoto wake, nikamfunga mjukuu vizuri kifungo cha koti.

"Kesho ni vizuri," nikamwambia. "Ahsante, mwanangu."