Kongosho la Shemasi Syauswa

Jumapili moja ya mwaka 2001, mjini Butembo, Mama Florentine aliweka sahani ya maharagwe mezani, akaonja kijiko kimoja mbele ya wote, kisha akaisogeza kwa mkwe wake, Syauswa. Miaka minne alikuwa akionja hivyo, na miaka minne Syauswa hakugusa. Kila alipokula vyenye mafuta, tumbo lilimuuma hadi mgongoni. Alikonda akabaki suruali na mkanda, na ndugu zake wakakata shauri: mama mkwe amemtilia sumu. Gracieuse, mkewe, alichoka kulia katikati yao.

Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya risasi za asubuhi na chumba kilikuwa na giza, kwa hiyo wote waliona vizuri tumbo la Syauswa lilipowaka. Kilichowaka kilikuwa kirefu, chekundu kama kaa la mbabula, jiko la makaa. Gracieuse alivuta kitambaa cha meza kisiungue, akamwita jirani yao Ésaïe, muuguzi.

Ésaïe alifungua vifungo vya shati, akaonyesha kwa kidole.

“Ile njo kongosho. Inatoaka maji ya kusaga chakula mu matumbo. Lakini maji imebakia ndani, inaiunguza yenyewe, kila siku kidogo kidogo. Haiko sumu ya mutu.”

Pembeni mwa kongosho ilionekana kasiksi, pombe ya ndizi ambayo shemasi Syauswa aliapa hajui hata harufu yake. Ilikuwa inachemka.

“Na ile, uache,” akasema Ésaïe.

Walicheka mpaka benchi likaanguka. Syauswa alicheka pia, ingawa kucheka kulimuuma, na aibu ikamshika kweli kweli.

Vidonge vya kumsaidia kusaga mafuta vilipatikana Beni. Viliagizwa mara tatu, na mara tatu askari wa bariere, kizuizi cha barabarani, wakavichukua, wakavimeza kwa nyama ya mbuzi.

Jumapili iliyofuata, Mama Florentine alipika maharagwe bila mafuta, akainua kijiko. Syauswa akamshika mkono.

“Mama, leo hapana onja.”

Akala yeye wa kwanza. Mama Florentine aliketi, akafuta macho kwa kitenge, akaanza kuimba pambio la kanisani, na Gracieuse akamfuata kwa makofi.

Jioni maumivu yakarudi, na mwanga nao. Majirani walileta maharagwe yao, wakayachambua hapo kwa mwanga huo. Kule bariere, askari walikuwa wakifungua mzigo wa nne wa vidonge.