Habari ya Kifo cha Bi Moza

Ngwali aliijua habari ya kifo cha mama yake, Bi Moza, kwa kulikuta kaburi. Alitoka Mkoani, alikoishi, kwa miguu na kikapu cha machungwa ya kumpa mamaye, akaona udongo mbichi nyuma ya nyumba yao ya Wawi, akamtazama kaka yake, Soud, usoni. Soud akainamisha macho. Ngwali alizaliwa kiziwi na hakusema. Mtu kama huyo utaanzaje kumweleza? Ndivyo Soud alivyojitetea moyoni. Kikapu kikabaki mlangoni, na Ngwali hakukanyaga tena Wawi.

Mwaka wa pili, Mhindi mmoja alileta mashine ya sinema Wesha. Ilikuwa alasiri, ndani ya ghala lililozibwa madirisha kwa magunia. Soud na mkewe, Mwanamize, waliketi mkekani mbele ya shuka jeupe. Picha hazikuwa na sauti. Mwanamke wa nchi ya mbali, mwenye mavazi wasiyowahi kuyaona, alimpokea mumewe aliyerudi safarini. Akakunja mikono kama apakataye mtoto, akaibembeleza hewa, kisha akaikunjua mikono polepole, mitupu. Mume akaanguka magotini. Ghala zima likalia.

Mwanamize alijifuta machozi kwa ncha ya leso. "Hakutamka neno, Baba Hija. Na nani hakuelewa?"

Soud alikumbuka walivyozoea kumjadili Ngwali mbele yake, kana kwamba hayupo. Mikono yeye mwenyewe anayo miaka yote hiyo, na ameifumbata.

Kesho yake akaenda Mkoani. Alimkuta Ngwali barazani akisokota kamba za makumbi ya nazi. Aliketi mbele yake, akaona haya kwa wapita njia, kisha akaanza. Akajishika kifua, akakohoa kimyakimya. Akalaza shavu kiganjani. Akafumba macho.

Ngwali aliweka kamba chini. Akaonyesha kidole upande wa Wawi, akajipungia mkono kama mtu aitwaye kutoka huko, akajigusa kifua: mama aliniita?

Soud angeweza kukataa. Akainamisha kichwa: naam.

Ngwali alilipitisha jua kwa kidole, kutoka mawio hadi machweo, akainua nyusi: aliniita siku ngapi?

Mkono wa Soud ulichukua muda kuinuka. Vidole vitatu.

Ngwali akavigusa kimoja kimoja, polepole. Alipofika cha tatu hakukiachia.