Zeituni za Bi Evanthia

Mtungi namba 114 ulikaa miaka arobaini katika chumba cha pili cha makumbusho yetu, mdomo wazi, bila kumsumbua mtu. Mimi, Pandelis, ndiye mlinzi wake. Jumanne moja ya Novemba nikasikia harufu ya siki. Kuchungulia, zeituni tele, zimelala kwenye maji ya chumvi, majani ya shamari, kiungo cha harufu tamu, yametandazwa juu.

Bi Evanthia alikuwa ameketi kwenye benchi, ndoo tupu miguuni.

"Bibi, umefanya nini?"

"Nimetia zeituni."

"Mtungi huu una miaka elfu mbili na mia tano."

"Najua, mwanangu. Bibi yangu alitilia humuhumu kabla hamjautwaa shambani kwetu. Plastiki inaua ladha."

Nikamwita mkurugenzi, Bi Kleoniki, asomaye sheria kama wengine wanavyosoma zaburi. Nilidhani ataamuru zitolewe. Akavua miwani.

"Msiguse. Kilichomo ndani ya kitu cha kale ni mali ya taifa mpaka wizara iseme vingine."

"Lakini mama, hizi ni za juzi. Mti wenyewe naujua."

"Una maandishi?"

Sikuwa nayo. Zeituni zikaandikwa daftarini: 114/B.

Sasa, sheria hiyohiyo inakataza mali ya taifa kuoza, na maji yale lazima yabadilishwe kila wiki. Hakuna mtaalamu wetu aliyejua kazi hiyo. Basi Bi Evanthia akapewa kitambulisho na glavu nyeupe, akawa anakuja kila Jumanne, akinituma maji kama mkwe wake.

Machi wakaja maprofesa watatu kutoka Athene kuchunguza. Wa kwanza alionja moja, kwa ajili ya sayansi. Wa pili akauliza kama kuna mkate. Kufika saa nane mtungi ulikuwa mtupu, na yule mzee kuliko wote alikuwa akifuta machozi kwa leso, akisema mama yake naye alikuwa akitia shamari.

Nilimwonea huruma Bi Evanthia, kazi ya miezi minne imekwisha hivyo. Yeye aliuliza tu, "Chumvi ilikolea?"

"Ilikolea," wakajibu wote.

Oktoba ikaja barua ya wizara: 114/B imo daftarini, mtungini haimo, kwa hiyo ni wizi, irudishwe ndani ya siku thelathini. Bi Kleoniki aliisoma mara mbili. Kisha akafunga makumbusho, akavaa viatu vya shamba, tukaenda kwa Bi Evanthia kuchuma. Mkurugenzi alishika ngazi.

"Shika vizuri, binti," Bi Evanthia akamwambia kutoka juu. "Na hizo mbichi usizitupe. Ule mtungi wa kona ya dirisha, namba ngapi vile?"