Samadi Mbele ya Kibaraza

Miaka thelathini na mbili nimeishi katika nyumba za walimu, leo Tumati, kesho kwingine. Nilipostaafu nikanunua nyumba ya mzungu hapa Balangdalalu, niliapa hakuna atakayenitoa tena. Mke wangu Imakulata alicheka. Alisema nyumba ile haijawahi kukaa na mtu.

Ni kweli. Mzungu aliyeijenga kabla ya uhuru aliiga nyumba ya bibi yake kule Uingereza, ya enzi za Malkia Viktoria: paa la mteremko mkali, mabomba mawili ya moshi, nakshi za mbao kwenye kibaraza. Akaondoka. Akaja bwana mifugo, akahamishwa. Akaja Clement, mfanyabiashara wa ngano, akawaachia popo. Wote walikiacha kilima kidogo cha mviringo kilichokuwa mbele ya kibaraza. Hata njia ya gari ilikizunguka. Wavivu, nikajisemea, hawajui kulima.

Mimi ni mtu wa kijiji cha Daudi, na kwetu samadi ni mali. Nilipochimba nikakuta mavi ya ng'ombe ya zamani yameshikana na udongo, nilijua nimepata zizi la kale. Wiki mbili nilisomba kwa toroli mpaka pakawa tambarare, nikatandaza shamba zima. Mahindi yalistawi mpaka wapita njia wakasimama kuyatazama. Lakini kukaa kibarazani nilishindwa. Nilikuwa nainuka kila dakika, nakagua makomeo, narudi, nainuka tena.

Mwezi wa pili akabisha mzee wa Kibarbaig, Gidahosh, aliyekuwa amehama na mifugo kwa sababu ya ukame. Nilimpa shikamoo, akaitika, akapita moja kwa moja hadi pale palipokuwa na kilima. Aliuliza babu yake yuko wapi.

Bung'eda, kilima cha udongo na samadi wanachojenga juu ya kaburi la mzee wao wa heshima, nimeifundisha darasani miaka yote. Niliichora ubaoni ikiwa mpya, imesilibwa vizuri, ina fito juu. Iliyozeeka sikuwahi kuiona. Nilimwonyesha mahindi.

Alitembea kati ya mistari polepole, bila kukanyaga mche. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nilimwambia nitatoa mtamba, akakataa.

"Babu yuko chini, hukumfikia," alisema. "Ulichobeba ni kazi ya mikono ya watu wetu. Miezi tisa walileta udongo. Urudishe."

"Wote, mzee?"

"Si uliubeba wote, mwalimu?"

Niling'oa mahindi mwenyewe, yakiwa yamefika kiunoni, na roho iliniuma. Kisha nikaanza kusomba. Lakini mvua na jembe vilikwisha kuchanganya, na sikuweza kujua upi ni udongo wao na upi ni wangu. Nikachota wote. Imakulata akauliza tutakula nini mwakani, nikaendelea kuchota.

Jumapili iliyopita Gidahosh alirudi. Kilima kilikuwa kimefika usawa wa dirisha. Alikizunguka, akaweka kiganja juu yake, akasema kinatosha, tena kimeupita ukubwa wa kwanza, sasa nipumzike nyumbani kwangu. Nilimshukuru, nikamsindikiza hadi getini.

Alipopotelea kwenye vumbi la barabara, nikashika toroli, nikarudi shambani kuchota udongo uliobaki.