Ringi ya Ugenini

Kocha alikuwa ameshanusa hila. Mazoezini wasichana wake walikuwa hawakosi kikapu. Ugenini kila mpira ulikuwa ukigonga chuma na kurudi. "Hawa wameibana ringi yao," aliwaambia, "na leo nawaumbua!"

Mechi ilipokwisha, akapanda ngazi na mipira miwili. Alijua kwamba ringi halali ina upana wa karibu mipira miwili, lakini miwili kwa pamoja haipenyi. Akaisukuma. Ikakwama, kama inavyotakiwa. Wenyeji wakamcheka mpaka akashuka.

Aliporudi kwao alikwenda moja kwa moja kwenye uwanja wa mazoezi, kwenye ringi aliyoichomelea mumewe, fundi wa vyuma. Akapanda na mipira ile ile. Ikapita yote miwili kwa pamoja, nafasi ikabaki.

Alipofika nyumbani, mumewe alikuwa mlangoni akimngoja. Akaona uso wake, akaona na mipira kwapani.

"Ulikuwa unarudi kutoka mazoezini unalia, mke wangu," alisema. "Nikaipanua kidogo tu, upate moyo."

Kocha alimkazia macho.

"Na mapishi yangu unayoyasifia kila siku?"

Fundi akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.