Miche Arobaini ya Fensi

Bilha, Mama Kibe kwa wateja wake, aliwaona wale wadudu asubuhi ya siku ya kupakia. Walikuwa wamejibana chini ya majani, weupe, kama pamba iliyochambuliwa. Kwa miaka kumi na tisa ya kuuza miche kando ya barabara pale Kitale hakuwahi kuona wa namna hiyo. Lakini mvua ilikuwa imeanza na mteja yuko njiani. Alilowesha kitambaa, akapangusa jani baada ya jani, akanyamaza.

Mteja alikuwa Mzee Adan, mtunzaji wa msikiti mmoja mjini Bungoma. Alichukua miche arobaini ya vichaka vya maua mekundu vya kufanyia fensi, akamshukuru na kwenda zake.

Miezi saba baadaye akapiga simu. "Mama Kibe, kuja uone hii miti yetu. Wewe ndiye najua anaelewa miti."

Bilha alipofika alikuta upande mzima wa fensi umekauka. Hata hivyo, hakuwa ameitiwa fensi. Nyuma ya fensi hiyo zilisimama jakaranda tatu kubwa, ambazo marehemu Fardosa, mke wa Adan, alizipanda mwaka alioolewa. Matawi yalikuwa yamevaa ile pamba. Utomvu ulidondoka ukanata kwenye sakafu, na majani yaliyobaki yalikuwa meusi kama yamepakwa masizi. Waumini hawakukaa tena pale kungojea swala.

"Bwana misitu anasema hizi wadudu ni geni," Adan alisema. "Ati dawa haiwezi fika huko juu. Tukate tu. Zilitoka wapi, Mama Kibe?"

"Pengine ni upepo."

Adan aliitikia kwa kichwa, akaweka kiganja juu ya shina la katikati. Akaanza kumsimulia jinsi Fardosa alivyokuwa akilibebea maji wakati wa kiangazi, mgongoni mtoto, mkononi ndoo. Alisimulia taratibu, kama mtu aliye na rafiki. Bilha alishindwa kuvumilia.

"Si upepo," akasema. "Zilitoka kwangu. Zilikuja na ile miche."

"Ulijua?"

"Niliziona. Nikapangusa, nikakuuzia."

Adan aliondoa mkono kwenye shina.

"Nani mwingine alinunua?"

"Kuna mmoja wa Misikhu. Na wawili wa Kapsokwony."

"Enda uwaambie. Mimi na wewe tutaongea siku ingine."

Siku hiyo haikufika. Jakaranda zilikatwa wiki hiyo hiyo, na Bilha alipopiga simu kuuliza, Adan hakushika.

Bilha alichoma kitalu chake chote, hata miche iliyoonekana mizima, kisha akaanzia Misikhu. Mteja wa huko, Hiram, mwalimu mstaafu, alimpokea kwa furaha, akamtembeza kando ya fensi iliyokuwa imechanua vizuri. Bilha aligeuza jani moja. Akageuza la pili.

"Mwalimu, hii lazima ing'olewe. Ichomwe leo."

Aliposikia sababu, Hiram alivua kofia, akatazama upande wa barabara.

"Yangu nitang'oa," alisema. "Lakini nilikata vijiti, nikapatia majirani wapande. Hata kanisani nilipeleka. Ni kama nyumba ishirini hivi."

Bilha alimwomba amwonyeshe nyumba ya kwanza.