Shangazi Apimwa Sauti

Hospitali ilitafuta mtu wa kuita majina ya wagonjwa kwenye kipaza sauti, na shangazi yangu akaapa kazi hiyo ni yake. Sharti lilikuwa kupimwa sauti kwanza, hata kama huumwi koo. Wapimaji walikaa nyuma ya pazia, wasikie sauti tupu bila kudanganywa na sura wala kilemba.

Sauti ya shangazi ni nzima. Akimwita mwanawe aje kula, wa majirani nao hunawa. Lakini mwenyewe aliiona ya nyumbani, kama kandambili. Hospitali yataka ya kutokea. Basi akavaa nyingine.

"Vuta pumzi, sema aaa mpaka iishe," mpimaji alisema.

Ikatoka aaa nyembamba, yenye madaha. Ikatetemeka, ikakwaruza, ikafa.

"Mama, koo linauma?"

"Hata kidogo, mpenzi," akanong'ona. Mpenzi! Mimi miaka yote hii kwake ni "we kidudumtu".

Akapewa karatasi asome. Alisoma huku kabana pua na kurembua macho, sijui amrembulie nani, pazia?

"Inakwaruza, na pumzi inavuja," wapimaji wakaambizana. "Huyu hapana."

Shangazi alisikia. Hasira zikanigeukia mimi niliyemshikia chupa ya maji ya asali.

"We kinyangarika! Nimekwambia asali kidogo, umenimiminia mzinga mzima, koo limeganda! Unaniroga?"

Vioo vya dirisha vilitetema. Nje kwenye benchi, mgonjwa aliyekuwa akisinzia akaitika, "Naam!"

Nyuma ya pazia viti vikasogezwa. Kisha: "Hiyo ndiyo sauti! Safi, haina mkwaruzo. Nani kasema?"

Kusema "ni mimi" tu, kazi yake. Lakini akiri kwamba mwanamke wa heshima kafoka hospitalini? Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Shangazi yeye akasimama wima, akabana pua tena.

"Mtuwie radhi, ni huyu mtoto wa kaka yangu. Hana adabu, kamfuata mama yake."

"Haya binti, sema aaa."

Nikasema. Yangu ni ya kifaranga aliyenyeshewa.

"Siye huyu. Mwenye ile yuko wapi?"

"Ameshatoka," shangazi akanong'ona.

"Basi. Anayefuata!"

Njia nzima alinisimanga kwamba nimemkosesha kazi, na watu walitoka madukani kusikiliza. Hakukwaruza hata mara moja.